Nyimbo Kumi na Moja za Radi

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha kuchonga funguo, linatazamana na duka la dawa. Asubuhi ile chupa ya kahawa ilikuwa imejaa, na spika yangu ndogo ilikuwa inapiga albamu mpya ya Radi, ile aliyoitoa peke yake, bila bendi, baada ya miaka thelathini ya kupiga muziki wa roki mpaka vioo vya majirani vikatetemeka. Walikuwapo wale wale. Hakimu, karani mstaafu wa mahakama, hajawahi kuona jambo akashindwa kulitolea hukumu. Dokta anauza viatu vya mitumba, lakini magonjwa yote anayajua yeye. Na Nyundo, aliyempigia Radi ngoma miaka ishirini na miwili, hadi kiharusi kilipoulaza mkono wake wa kulia mwaka juzi. Alikaa mwisho wa benchi, kikombe mkono wa kushoto.

— Wa kwanza rege, wa pili rumba, wa tatu kwaya, — Hakimu alianza. — Huyu kapotea njia. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Hiyo inaingiaje hapo, mzee? — nikamuuliza.

— Inaingia. Subiri utaona.

— Mimi nasema ni masikio, — Dokta akadakia. — Ukikaa kwenye kelele miaka thelathini, sikio moja linakufa. Sasa lile zima linataka rumba, lile bovu linataka kwaya. Anayaridhisha yote mawili.

— Kwa hiyo ana masikio kumi na moja? Maana nyimbo ni kumi na moja, na hakuna mbili zinazofanana.

— Fundi, wewe chonga funguo.

Wimbo wa nne ukaingia: gita tupu na sauti ya chini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto huku mwenyewe anasinzia.

— Aa, huyo si Radi, — Hakimu akakata shauri. — Radi ninayemjua mimi anapayuka. Hapo kaimba kaka yake.

— Ana kaka?

— Nani hana kaka? Damu nzito kuliko maji.

— Hiyo ni mashine, — Dokta akasema. — Wameitia sauti yake kwenye kompyuta, mwenyewe kalala kwake. Kompyuta haina aina yake ya muziki, inachapa kila kitu.

— Mbona mwisho wa ule wa pili amekohoa?

— Za siku hizi zinakohoa.

Hakimu akajimiminia kahawa ya tatu, akasogea mbele kabisa ya benchi.

— Hebu nisikilizeni. Rege ya vijana, rumba ya wazee, kwaya ya wacha Mungu. Hizo si nyimbo, hizo ni kura! Mtu anautaka ubunge huyo.

— Wa jimbo gani?

— Yote. Haba na haba hujaza kibaba.

Wakati huo nilikuwa namchongea mteja funguo mbili, mama mmoja aliyevaa sare ya nesi. Alikuwa amesimama dirishani pangu muda wote, mkoba begani. Akageuka.

— Samahanini kaka zangu. Nimesimama hapa nyimbo nne sasa. Mbona hakuna ngoma?

Nikazima mashine ya funguo. Hakimu alifungua kinywa, methali haikuja. Dokta akachungulia kikombe chake. Tangu Nyundo augue, tulikuwa tumejizoeza kulikwepa neno lenyewe mbele yake. Labda ndiyo maana na masikio yetu yalikwepa.

— Mimi ndiye niliyemkataza, — Nyundo akasema.

Siku hizi anasema polepole, na sisi tumejifunza kungoja.

— Alikuja kwangu, nina miezi miwili tu tangu niugue. Alikuja na mpiga ngoma mwingine, mtu mzima, mwenye adabu zake. Akaniuliza, ndugu yangu, huyu akikalia kiti chako, utaniruhusu? Nikamwambia, siku mtu mwingine akikikalia, mimi nikifa usije kunizika. Akamaliza chai yake, wakaondoka.

Akanywa funda moja la kahawa, akaendelea.

— Roki bila ngoma haipigiki. Basi kajaribu mlango huu, kajaribu ule. Nyimbo zote kumi na moja nimezisikiliza nyumbani. Hakuna hata kijiti kilichogusa ngoma wala sahani zake za shaba.

— Kumbe amekuheshimu, — Hakimu akasema, sauti imeshuka.

— Zilikuwa hasira, Hakimu. Nilikuwa siwezi hata kufunga kifungo cha shati, mke wangu ananifunga. Nilijua hatanisikia. Tangu lini Radi akamsikia mtu?

Nesi alimtazama vile wanavyowatazama wagonjwa wanaosema hawaumwi.

— Na umeshamwambia kwamba zilikuwa hasira?

Nyundo alikizungusha kikombe chake mkononi. Nikamalizia ufunguo wa pili, nikausugua makali, nikampa nesi zote mbili. Akashukuru, akavuka barabara kuingia duka la dawa.

Dokta akaitikisa chupa. Ilikuwa tupu, lakini hakuna aliyeinuka. Nyundo aliweka kikombe chini, akajipinda, akaichomoa simu mfuko wa kulia kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda. Hatukumsaidia.

— Fundi, — akasema, — punguza hiyo sauti.