Kasiani Likunde, 1931–1975: Karani Aliyeandika Riwaya ya Somoe

Ndugu mliofika, majirani wa Chikongola na jamaa wa kutoka Kitaya, huyu ndiye mtu tunayemsindikiza leo, tarehe 5 Juni 1975.

Marehemu Kasiani Likunde alizaliwa Kitaya mwaka 1931, mtoto wa pili wa Mzee Stefano Likunde. Wa kwanza ni Anjelina, mama yangu.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1949. Huko alikuta kabati la hadithi ndefu za Kiingereza, za zama za Malkia Viktoria, mchwa wamekula majalada. Alizisoma zote. Alipoajiriwa ukarani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara, mwaka 1951, Wazungu wa ofisini walimcheka kwamba anaongea kama babu zao.

Mwaka 1957 alifunga ndoa na Bi. Graca Mateus wa Mikindani. Walijaliwa watoto wawili, Yohana na Mariamu. Baba yangu alipofariki, mwaka 1966, marehemu alitufuata mama na mimi kwa lori la ghala, tukahamia kwake.

Mwaka 1968 alianza kuandika riwaya yake. Mwendo wake ni wa vile vitabu vya zamani, yatima, urithi, jumba lenye siri, lakini mambo ni ya hapa na ya siku hizi. Jumba lenyewe liko Mikindani, na urithi ni shamba la mikorosho. Kila Jumamosi alasiri aliwasomea watu barazani kwa mtani wake, Mzee Salumu, fundi cherehani. Katika sura ya kwanza msichana Somoe anafiwa na baba, anabaki hana kitu. Mzee Salumu akasimamisha cherehani.

"Ngoja, Kasiani. Mjomba wake yuko wapi?"

"Hana."

"Mtoto wa Kimakonde hana mjomba? Kaokotwa?"

"Wamekufa."

"Wote? Umewaua wewe, mtu usiye na haya. Rudi kaandike upya."

Akarudi, akaandika upya. Akamtia mjomba, ila mjomba dhalimu, anayemnyang'anya Somoe shamba la mama yake. Mama yangu hakupenda. Alimwambia, "Watu watadhani ni wewe." Marehemu akajibu, "Dada, mjomba mwema hafikishi hadithi sura ya tatu."

Aprili mwaka jana alianza kukohoa, akalazwa mara mbili. Ilikuwa imebaki sura moja, ile ambayo Somoe anakwenda kumdai mjomba wake shamba, na marehemu hakuomba kingine ila aimalize. Mkono ulipokataa alitaja maneno, nikayaandika. Jumapili alisema, "Somoe akabisha hodi," nikaandika.

Nikamuuliza, "Mjomba, anafunguliwa?"

"Subiri kidogo. Nafikiri."

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi. Bi. Graca alikuwepo, na mimi nilikuwepo.

Jana msibani Mzee Salumu alilala mlangoni, akawazuia vijana waliokuwa wanakwenda kuchimba kaburi. Akasema, "Hazikwi mtu hapa. Katuweka barazani miaka saba, sasa anatoroka na mwisho wake. Mwamsheni." Watu walicheka. Mimi sikucheka, wala kulia sijalia bado.

Mama akamwambia, "Inuka, mtani. Cha mjomba ni cha mpwa. Atamaliza huyu."

Wote wakanitazama. Nikasema ndiyo. Sijui mjomba wa Somoe atafungua mlango au hatafungua. Ninayemjua mimi alitufuata kwa lori, kwa hiyo sina wa kumwigiza.

Mzee Salumu akainuka, akakung'uta kanzu. "Basi Jumamosi," akasema, akachukua jembe, akaenda kuchimba na vijana.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Graca, watoto, Yohana na Mariamu, dada yake, Anjelina, mpwa mmoja, na Somoe, aliyesimama mlangoni.

Mungu ampokee Kasiani, ampumzishe kwa amani. Amina.