Vidonge Nilivyoviita Feki

Bwana asifiwe, wapendwa. Na wale wa kwetu, mwangaluka. Asanteni, kaeni tu.

Mchungaji aliniomba nisimame hapa tangu mwezi uliopita, nikakataa. Nilimwambia nitasimama siku nitakayopata ruhusa ya mtu mmoja. Ruhusa hiyo nimeipata Alhamisi, kwa simu. Jina lake sitalitaja. Na kama kuna anayemjua, namwomba asilitaje.

Wengi mnanifahamu. Kwetu ni Zagayu, nalima pamba na mahindi. Na mnaijua sifa yangu: mimi ni mtu wa kutambua feki. Miaka ya nyuma nilinunua dawa ya pamba, kizibo chake kina rangi ambayo sikuizoea. Nikamuuliza muuzaji. Akaniambia, "Ni ileile mzee, kiwanda tu ndicho kingine." Nikapulizia shamba lote. Ndugu zangu, funza wa vitumba walikula pamba yangu kana kwamba nimewatilia chumvi! Tangu siku ile nikawa sinunui kitu bila kukigeuzageuza, kukinusa, kusoma kila herufi. Watu wakaanza kuniletea mbegu, sabuni, hata betri za redio. "Baba, hebu tuangalizie." Sifa ile ilinipanda kichwani. Nasema mbele ya Mungu, ilinipanda.

Sasa nikaanza kuumwa. Nikakonda, shati linalowa jasho nikiwa nimekaa kivulini. Hapa kushoto, chini ya mbavu, pakawa pagumu kama jiwe. Wakanipima hapa Bariadi, wakanipeleka hospitali kubwa kule Mwanza. Daktari akatuambia mimi na mke wangu: ni kansa ya damu. Mke wangu alishika ukingo wa meza.

Daktari akasema, "Mama, subiri. Hii ina dawa. Kidonge kimoja kila siku baada ya kula, na maji ya kutosha. Akimeza, anaishi. Akiacha, ugonjwa unarudi, na ukirudi unaweza kurudi na hasira."

Vidonge vile vilikuwa vya rangi ya udongo mwekundu, vina alama ya herufi. Nikameza. Baada ya miezi michache lile jiwe likayeyuka, nikarudi shambani. Nyie wenyewe mliniona.

Kule kliniki nilikutana na mama mmoja wa Lalago. Ugonjwa wetu mmoja, dawa yetu moja. Ana watoto watatu wadogo. Yeye ananiita baba, mimi namwita mayu, kama tunavyowaita akina mama huku kwetu. Tulikuwa tunakaa benchi moja, tunagawana michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa mwoga wa ule ugonjwa, kila kitu ananiuliza mimi kwanza kabla ya daktari.

Siku moja tukafika dirisha la dawa, tukapewa boksi la aina nyingine. Nikafungua. Vidonge vyeupe, virefu kidogo, alama hakuna. Nikarudi dirishani. Binti wa pale akaniambia, "Ni zilezile baba, kiwanda tu ndicho kingine."

Maneno yaleyale! Kama ya yule muuzaji wa dawa ya pamba, karibu neno kwa neno. Nyuma yangu foleni ndefu, binti ameshaita jina linalofuata. Sikuuliza tena.

Nikarudi kwenye benchi. Mayu ameshika boksi lake kwa mikono miwili, ananitazama. "Baba, wewe unajua feki. Hizi vipi?"

Ndugu zangu, ningeweza kusema sijui. Neno moja tu, sijui. Nikasema, "Mayu, mimi hizi simezi. Na wewe usimeze."

Akaitikia kwa kichwa, akaweka boksi kwenye mkoba, akaondoka.

Nyumbani sikumwambia mke wangu. Tukimaliza ugali naweka kidonge mdomoni, nakunywa maji, akigeuka nakitema na kukitia mfuko wa shati. Wiki za kwanza sikusikia lolote. Nikajiona mjanja: unaona, zilikuwa chokaa tu! Halafu jasho likarudi. Halafu homa. Lile jiwe likarudi hapa, kubwa kuliko mwanzo. Bado nikanyamaza, maana kusema ni kukubali kwamba nimekosea.

Nilianguka shambani, wakati wa kuvuna. Mke wangu alipokuwa ananivua shati anipanguse, vidonge vikamwagika mkekani. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Nimekukosea nini mpaka unataka kuniachia msiba?"

Akaviokota kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kanga.

Mwanza daktari akaniuliza kama nilikuwa nameza. Nikasema ndiyo. Hata pale, ndugu zangu, nilidanganya! Mke wangu akafungua kanga, akaviweka vile vidonge juu ya meza ya daktari.

Daktari akamwita mfamasia, mtu mzima, mpole. Akavuta kiti karibu na kitanda changu. Nikamweleza habari ya dawa ya pamba. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Baba, kushuku si kosa," akasema. "Dawa feki zipo. Lakini hizi zimesajiliwa na kupimwa. Unajua hataza?"

Nikasema sijui. Neno ambalo lingefaa siku ile ya benchi.

"Kampuni iliyovumbua dawa hupewa hataza. Ni haki ya kisheria: kwa miaka kadhaa, mwingine haruhusiwi kuitengeneza bila idhini yao. Muda ukiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa. Kiini cha dawa ni kilekile. Lakini hata namna ya kuchanganya ule unga na kuugandisha kuwa kidonge inaweza kuwa na hataza yake peke yake. Kwa hiyo kiwanda kipya kinatafuta njia yake ya kuugandisha, na rangi na alama zake. Kuwa tofauti si dalili ya wizi, baba. Na kwa sababu viwanda sasa ni vingi, dawa imeshuka bei na wagonjwa wengi wanaipata."

Nilikuwa namsikiliza, mara nikakumbuka lile benchi. Nikakaa kitandani.

"Mayu!"

"Nani?"

"Nimemwambia mwenzangu asimeze."

Yule mfamasia alisimama hapohapo. Nikapiga simu: haipatikani. Wakatazama rekodi za kliniki, hajafika mara mbili. Wao nao wakapiga, haipatikani. Nikaomba niruhusiwe niende Lalago. Daktari akasema, "Ukitoka hapa leo, tutawazika wawili." Nikalala pale siku baada ya siku, nameza kidonge cheupe, napiga simu. Haipatikani. Nilimwomba Mungu anichukue mimi amwache yule mwenye watoto. Sijui kama ile ilikuwa sala au ni woga tu wa kumtazama machoni.

Niliporuhusiwa hatukupitia nyumbani. Mimi na mke wangu tulinyoosha mpaka Maswa, tukatafuta usafiri wa Lalago, tukauliza nyumba kwa nyumba. Mume wake alitupokea akiwa anatoa ng'ombe zizini. Nilipojitambulisha, aliachia fimbo ikaanguka.

"Wewe ndiye mtaalamu wa dawa?"

"Mimi ndiye niliyemdanganya mke wako. Yuko hai?"

Akaonyesha nyumba kwa kidevu.

Ndani, mayu alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, tumbo limejaa upande mmoja, mikono imebaki mifupa. Nikapiga magoti. Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Baba, daktari angeniambia niache, ningekataa," akasema. "Nilikuamini kwa sababu unaumwa kama mimi."

Ndugu zangu, nimepigwa na ugonjwa. Ugonjwa haukunipiga kama neno lile.

Halafu akauliza, "Wewe unameza?"

Nikaomba watuletee chochote cha kula, maana dawa ile humezwa baada ya chakula. Tukaletewa ugali na maziwa. Nikala, nikatoa kidonge cheupe, nikameza mbele yake, nikafungua mdomo aone. Akamwita binti yake mkubwa, akaletewa boksi lake. Hakuwa amelitupa. Akala matonge mawili kwa shida, akameza. Kesho yake mume wake na sisi tulimpeleka Mwanza.

Mngependa niseme sote tulipona sawasawa. Mimi, vipimo vyangu ni vizuri. Yeye yuko hai, asifiwe Mungu. Lakini ile dawa haikumshika tena. Amebadilishiwa nyingine, na hiyo mpya bado iko chini ya hataza. Anayeitengeneza ni mmoja tu, ni ghali, anaipata kwa msaada, na kila anapokwenda kliniki anakwenda hajui kama imefika. Mimi najichukulia boksi langu dirishani, yeye anasubiri. Hayo ni matunda ya mdomo wangu.

Namshukuru mke wangu, aliyeweka ukweli mezani nikiwa naficha. Nawashukuru daktari, na yule mfamasia aliyenieleza bila kunidharau. Namshukuru mume wa mayu, aliyeokota fimbo yake na hakunipiga. Na yeye mwenyewe, aliyeniambia Alhamisi, "Kawaambie, baba. Usinitaje, lakini waambie yote."

Somo langu ni fupi. Dawa yako ikibadilika rangi, rudi dirishani. Uliza, na foleni ikiguna, iache igune. Na mgonjwa mwenzako akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui, kisha nenda naye kwa anayejua.

Leo muuguzi wa zahanati yetu yupo, ameketi pale nyuma. Mwenye kidonge anachokitilia shaka nyumbani, wa presha, wa sukari, wa chochote, amwone kabla hajatoka. Msije kwangu.

Kisha naomba tusimame. Kesho kutwa mayu anakwenda kliniki. Tumwombee akute dawa imefika.