Papa Feruzi na Samaki wa Mlango wa Nyuma

Ijumaa tarehe 31 Machi 1967 sisi wafanyakazi wa maghala tunapoteza mkaguzi wetu wa moto, na hadi leo hakuna aliyetajwa kushika kazi yake. Tuseme hilo kwanza, ndipo tumsifu. Papa Feruzi Yakubu anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja katika maghala ya bandari ya Kisangani, akikagua mabomba ya maji, kengele, vizima-moto na, kuliko vyote, milango ya dharura.

Alianza kama mbeba vifaa wa mkaguzi Mbelgiji. Mwaka wa uhuru Mbelgiji alipanda ndege, Papa Feruzi akabaki na kazi yote. Mshahara wake ulichangwa na maghala yote pamoja, ili asiwe mtu wa bwana yeyote.

Kwetu mgeni haondoki bila kuwekewa sahani. Papa Feruzi hakuikataa, ila aliila nje, nyuma ya ghala. Kwanza alijifungia ndani, akatembea hadi mlango wa dharura na kuufungua mwenyewe. Ukifunguka, anakula. Usipofunguka, ghala halipati sahihi na chakula kinapoa. Mama Germaine, mpishi wa kantini ya bandari, ndiye aliyemkaangia samaki na makemba, zile ndizi ndefu za kupika, kila siku ya ukaguzi.

Basi tukajanjaruka. Siku hakuitangaza, lakini mafuta ya mawese yakinuka kantini asubuhi, bandari nzima ilijua. Minyororo ya kuzuia wezi ilitoka milangoni mbio, akishapita, inarudi. Alipogundua hakumgombeza mtu. Alimwambia Germaine akaange hata siku asizokuja.

Hubert, msimamizi wa ghala la pamba, aliteseka kuliko wote, maana alikaa kumngoja hadi jioni, mnyororo mkononi.

“Mama Germaine, huyu muzee iko wapi?”

“Mimi ninapika tu, tonton. Mulango ni kazi yako.”

Tulicheka sana, mpaka Novemba 1964, vita vya waasi vilipopamba moto mjini. Risasi zilifunga mto, feri ikalala, na Papa Feruzi alikuwa kwake Lubunga, ng'ambo. Alimpata mvuvi mwenye mtumbwi na roho ngumu, akamtuma kwa Germaine na neno moja: akaange. Germaine akakaanga, akaiweka sahani nyuma ya ghala la pamba kama kawaida. Hubert alikuwa amefunga mlango wa nyuma kwa kuogopa waporaji, na ndani zilijificha familia za wafanyakazi, mkewe Philomène akiwamo. Harufu ilipomfikia Hubert, alifungua huku akinung'unika: “Hata vita haiwezi kumuzuia huyu.” Mchana paa likashika moto. Pamba iliteketea yote. Watu walitoka wote, watoto mgongoni, kwa mlango ule ule wa nyuma, wakapita kando ya sahani ya mtu ambaye hakuja.

Feri iliporudi kazini tulimpokea kwa makofi. Yeye aliuliza kwa nini kengele haikulia.

Sasa tunasikia kamati ya wenye maghala inataka kumwongezea Hubert kazi hii, kwa kuwa yuko hapo hapo. Hesabu yao tunaijua: kazi mbili, mshahara mmoja. Sisi tuna hesabu nyingine. Mwenye kufunga mlango na mwenye kuukagua ni watu wawili. Ukiwafanya mmoja, umebaki bila mkaguzi. Hubert mwenyewe alilisema mbele ya kantini nzima: “Mimi nijikague? Bon, mimi najijua.”

Papa Feruzi, asante kwa ubishi wako, kwa kila sahihi uliyotunyima na kwa wake zetu na watoto wetu walio hai. Mama Hadidja, mkeo, anasema amekwisha kukupangia shamba la mihogo. Tunamwomba akuachie walau juma moja ulale. Mungu akupe afya, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi na tamu.

Na kamati tunaitaka ijibu bila kuzunguka: kuanzia Jumamosi nani atakagua maghala haya, na atalipwa na nani? Jina libandikwe mlangoni pa kantini Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Lisipokuwapo, Jumamosi asubuhi hatuingii ghalani.