Mgeni Alimtaja Nani

Benchi ni langu. Mbao nilinunua mimi, misumari yangu, na linakaa nje ya duka langu la rangi na mabomba hapa Mjambere. Lakini kila nikitoka alasiri nipumzike kidogo, nakuta nafasi iliyobaki ni ile ya mwisho, penye mguu mfupi tuliouwekea kigae ili benchi lisiyumbe. Nshazoea. Wenyewe ni watatu. Yuko Safwan muuza vitambaa, tunayemwita Hakimu kwa sababu hukata kesi ambazo hakuna aliyempelekea. Yuko Randu mwashi, tunayemwita Shahidi, maana halijatokea jambo Kisauni hii asiseme alikuwepo. Na yuko Jacktone, fundi wa friji aliyetoka Kisumu zamani, ambaye ni Injinia kwa kuwa alipenda mwenyewe aitwe hivyo. Babu wa kahawa huja na dele lake, hukalia mkebe wangu wa rangi bila kuomba, akagonga vikombe. Siku hiyo kahawa ilikuwa tungu na nyuso zilikuwa tungu zaidi, kwa sababu Injinia alikuwa ndiyo kwanza ametumalizia kusoma kitabu kipya cha Bi Ruth Menza.

Hakimu: Mimi nshaamua. Bi Ruth ametudhulumu.

Injinia: Si useme tu hadithi ni za kawaida.

Hakimu: Za kawaida? Ya kwanza, mzuka yuwapotea njia Kiembeni, yuwamuuliza mtu wa bodaboda. Ya tatu, mzuka yuwakimbia panya. Mzuka mzima, bwana, yuwapanda juu ya kiti!

Shahidi: Panya wa Kiembeni lakini ni wakubwa. Mimi n'mewaona.

Babu: Hata mimi naogopa panya, na sijafa bado.

Hakimu: Wewe mimina kahawa.

Bi Ruth si mtu wa kutukanwa hapa. Ni mtoto wa Frere Town hapa jirani, na vitabu vyake vyote vya mizuka vimesomwa kwenye benchi hili kwa sauti. Msomaji alikuwa marehemu Faraj, tuliyemwita Redio. Alikuwa akianza baada ya swala ya alasiri, miwani minene, kitabu karibu kiguse pua, na kuendelea mpaka adhana ya magharibi. Ikilia tu, anafunga kitabu. Hata kama kwenye hadithi kuna mtu ananing'inia dirishani, Redio atasema, "Kesho, inshallah," na mtu wa watu atalala dirishani.

Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, alituanzishia hadithi ya Mgeni. Wanaume wanakaa kwenye benchi wanakunywa kahawa. Kila siku anakuja mgeni mwenye kanzu isiyo na mkunjo, anakaa mwisho wa benchi, anapewa kikombe, anakunywa, na kikombe hakipungui. Siku moja anawaambia amekuja kumchukua mmoja wao. Basi hapo watu wa hadithi wanaanza kutazamana, na sisi huku tunatazamana. Na benchi lile, jamani, lilikuwa na mguu mfupi uliowekewa kigae! Nilifurahi wallahi. Nilimwambia kila mteja kwamba Bi Ruth alipita hapa akaliona benchi langu akalitia kitabuni. Siku ya mwisho Redio alifika pale mgeni anapotua kikombe na kufungua kinywa alitaje jina. Adhana ikalia. "Kesho, inshallah." Hakuja tena. Wiki ile ile tulimzika, na mkoba wake wa vitabu ukabaki kwake. Nani angebisha kwa mjane aliye kwenye eda aseme amefuata kitabu cha mizuka? Eda ikaisha, haya ikabaki.

Kwa hivyo tuliposikia Bi Ruth amekusanya hadithi zake zote, za zamani na mpya, katika kitabu kimoja, tulikingojea mno. Tumekimaliza. Mgeni hayumo. Benchi langu halimo.

Hakimu: Na si Mgeni peke yake. Hata zile za zamani zimepoa. Ile ya nyumba ya bibi harusi, Redio alipoisoma mbwa alibweka humo ndani mpaka nywele zikanisimama. Injinia kasoma, mbwa hayupo.

Injinia: Hayuko kwa kitabu! Mimi nasoma venye imeandikwa.

Hakimu: Ndilo kosa lako. Wasoma kama mtu yuwasoma mita ya stima.

Injinia: Sasa ni mimi? Mnaniambia nisome, nasoma, koo inakauka, halafu mzuka akikosa makali ni Injinia. Kesho tafuteni mwingine.

Alikuwa ameumia kweli, na mimi nikamwonea huruma. Ile nafasi ya katikati, ya msomaji, alikuwa ameipenda.

Mimi: Hebu muacheni. Injinia, wewe mwenyewe waonaje? Mbwa ameenda wapi?

Injinia: Ametolewa. Karatasi ni bei. Mchapishaji ameangalia akasema, hapa tupunguze. Akaanza na mbwa. Mbwa kwa hadithi ni kama mpira wa mlango wa friji, ukitoa watu hawaoni, wanashangaa tu mbona haigandishi. Akaona hakuna mtu amelalamika, akatoa Mgeni mzima.

Shahidi: Hapana. Bi Ruth alikatazwa. Mimi nilikuwepo.

Hakimu: Ulikuwepo wapi?

Shahidi: Frere Town, nikijenga ukuta jirani na kwao. Alikuja mtu, kanzu nyeupe, akabisha hodi kwake. Alipoondoka, mama wa watu alifunga madirisha yote. Huyo ndiye aliyemwambia, mimi usiniandike tena.

Mimi: Bi Ruth si yuwakaa Nairobi siku hizi?

Shahidi: Alikuja kutembea.

Babu: Kanzu ilikuwa na mkunjo?

Shahidi: Sikumtazama sana. Nilikuwa na karai la saruji kichwani.

Hakimu akatua kikombe. Hapo ndipo hukumu hutoka.

Hakimu: Nyote mwapita kando. Tazameni mizuka ya kitabu hiki. Mpole huyu, mpole yule, mwingine yuwapiga deki. Kwa nini? Kwa sababu aliyekiandika si Bi Ruth. Bi Ruth alipofika pale pa kulitaja jina, mgeni alimtaja yeye. Akaenda naye. Kitabu hiki ameandika mgeni mwenyewe, na mzuka hawezi kumwandika vibaya mzuka mwenzake!

Ilikuwa hoja.

Injinia: Lakini amenijibu kwa simu. Ile nambari ya nyuma ya kitabu. Nilimuuliza, "Mama, Mgeni yuko wapi?" Akajibu, "Mgeni yupi, ndugu yangu?"

Hakimu: Ndiyo hiyo! Yuwajificha! Mtu mzima hawezi kusahau hadithi kama ile.

Shahidi: Mimi hapo nimesisimka, siwafichi.

Nami nilisisimka, ila zaidi nilikuwa na hasira ya benchi langu. Kabla sijasema neno, sauti ya kike ikatusalimu nyuma yetu.

— Asalaam aleikum. Shikamooni, ami zangu.

Tukageuka. Alikuwa Israa, binti yake Redio, aliyeolewa Kiembeni. Begani alikuwa amening'iniza mkoba wa baba yake, ule wa turubai uliochakaa. Tukamwitikia marahaba, tukamuuliza hali ya mama yake, akasema alhamdulillahi. Hakimu akamwinukia, na sijawahi kumwona Hakimu akimwinukia mtu. Injinia aligeuza kitabu kifudifudi kama mtu aliyefumaniwa.

Israa: Sitawaweka sana. Nina swali dogo. Mama yuwataka nimsomee ile hadithi ya mgeni na benchi. Yeye alikuwa akiisikia vipande vipande, baba alikuwa akiisema peke yake kitandani, anarudia, anabadilisha. Nimevisoma vitabu vyake vyote, mara mbili mbili. Sijaiona. Iko kitabu gani?

Injinia ndiye aliyenyoosha mkono kwanza, akaomba mkoba kwa adabu, akatoa vitabu kimoja kimoja. Kile cha mwisho nilikijua, kilikuwa na duara la kikombe kwenye jalada. Katikati kulikuwa na kipande cha kadi ya rangi kutoka dukani kwangu, samawati, Redio alikifanya alama. Injinia akafungua pale, akasoma kimya, akageuza kurasa mbele, akageuza nyuma.

Injinia: Hii ni ile ya bibi harusi. Alitusomea kabla ya Mgeni. Alama imebaki hapa hapa.

Mimi: Na mbwa?

Injinia: Hata humu hakuna mbwa.

Hakimu: Shahidi, wewe ndiye uliyekaa ubavuni kwake kila siku. Hukuona kwamba hageuzi ukurasa?

Nilingoja Shahidi aseme alikuwepo, kwamba aliona, kwamba alijua zamani. Yeye alikuwa akikitazama kikombe chake.

Shahidi: Mimi nilikuwa namtazama yeye. Kitabu sikukitazama.

Israa: Ami, sifahamu. Kwani hadithi ni ya nani?

Mimi: Ni ya baba yako, mwanangu. Benchi lenyewe ni hili.

Nikamwonyesha kigae. Israa akainama akakitazama, akakigusa kwa ncha ya kidole. Alipoinuka macho yalikuwa yamejaa.

Israa: Daktari alimwambia ule mwezi wa Rajabu kwamba siku zake ni chache. Sisi tukataka kuja kuwaambia, akatukataza kabisa. Akasema, "Wa maskani niachieni, nitawaambia mwenyewe." Mimi siku zote nimejua aliwaambia. Hakuwaambia?

Kesi hiyo haikuwa na hakimu. Nilimkumbuka Redio zile siku, alivyokuwa akisimama kwenye hadithi kututazama mmoja mmoja, nasi tukidhani anatutisha. Nilikumbuka jinsi tulivyompigia kelele, haraka, bwana, sema jina, na Shahidi akamvuta kanzu. Iliniuma, na inaniuma ninapoandika.

Hakimu: Alituambia, mwanangu. Sisi ndio hatukusikia.

Israa: Basi nimwambie nini mama? Yeye ataka mwisho tu. Yule mgeni alimtaja nani?

Babu aliinamisha dele kwenye kikombe alichomwandalia, yakatoka machicha. Sote tulilijua lile jina, na mtoto wake alikuwa amesimama mbele yetu na mkoba begani, nani angelitoa kinywani? Kisha adhana ikalia msikiti wa juu, na kwa mazoea Injinia akakifunga kitabu. Lile neno la Redio la kufuatia lilimfika mdomoni, nililiona, akalimeza.

Israa akasema atapita tena, na atakuja na mama yake tumsimulie sisi wenyewe, kipande kwa kipande, kama tunavyokumbuka. Tukasema karibu. Nikamwambia mama yake atakaa kitini, nitamtolea cha dukani, benchi hili mguu mmoja ni mbovu.

Alipokwisha kata kona, Hakimu alimgusa Injinia begani.

Hakimu: Nipe simu. Au andika wewe, mwandiko wangu mbaya. Mwandikie Bi Ruth tumwombe radhi.

Injinia: Niandike nini?

Hakimu alifikiri muda mrefu, watu wanatupita kwenda kuswali.

Hakimu: Mwambie yule mgeni hakuwa wake. Alikuwa wetu.