Mafuta ya Samaki Ndani ya Kwaresima

Kitendawili: visima vyangu viwili, vikikauka vinawasha kama vimetiwa mchanga. Ni macho, wajukuu zangu.

Kwenye basi la mtaa wa Shubra, mbele yangu, Demiana mdarizi alikuwa akimwonyesha binti aliyeketi naye kichupa cha vidonge. "Macho yamenikauka, na gauni la harusi la mwanangu halijaisha. Mfamasia kanipa mafuta ya samaki, Kwaresima hii, na kanisa letu hata samaki limekataza!"

"Meza tu, mama. Samaki mwenyewe humwoni."

"Mungu anamwona."

"Haya, gauni utalimaliza kwa macho gani?"

Demiana akapepesa macho. Basi likasimama penye muuza maharage, naye akamtazama akimimina mafuta juu ya sahani.

"Kwa haya haya," akasema akiinuka. "Narudi kwa mfamasia, anipe mafuta ya mbegu za kitani badala yake. Si ndiyo tunayomiminia maharage Kwaresima yote?"