Puda Alituuliza Anunue au Angoje

Kijiwe chetu kiko mjini, mtaa wa Kimisagara, pale ngazi za saruji zinapoanza kupanda mlima, mbele ya duka la Voltaji la kutengeneza simu. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na kreti mbili za soda kwa waliochelewa. Asubuhi Pudentienne, ambaye sote tunamwita Puda, anashuka ngazi na themosi yake na vikombe kwenye ndoo. Alikulia Buyenzi, kule Bujumbura, na kahawa yake ni ya huko: tangawizi nyingi, sukari kidogo. Tunakunywa, tunabishana, tunaagana. Voltaji jina lake ni Nshimiyimana, na kitu chochote chenye waya anakihesabu kuwa somo lake. Avoka ni Zephaniah, mtu aliyekulia Mbarara, aliyewahi kumbebea mafaili wakili mmoja hapa mjini, na tangu siku hizo anajibu kila swali kama kuna jaji anasikiliza. Mimi wananiita Kasike, kwa sababu naendesha pikipiki ya abiria na kofia yangu, hiyo kasike, huwa naikalisha magotini kama mtoto.

Siku ninayoisema ilikuwa mwezi wa pili, saa tatu asubuhi. Puda alimaliza kutumiminia, akabaki amesimama. Kwa kawaida hasimami, anapita kwa mafundi wa upande wa pili.

— Niwaulize kitu, akasema. Ile mashine ya gemu, pleistesheni. Kuna mtu wa Gitega, mtaa huu wa jirani, anauza ya nne. Imetumika lakini ni nzima, nimeiona inawaka. Wengine wananiambia ningoje, eti mpya inakuja. Ninunue au ningoje?

Tuliweka vikombe chini wote watatu. Swali zuri namna ile lilikuwa halijatufikia muda mrefu.

— Ya nne? akasema Voltaji. Puda, sha, ya nne iko mzee. Ni kama kununua redio ya kaseti. Saa hii watu wako kwa ya tano.

— Basi nitafute ya tano?

— Hapana. Ya tano nayo iko inakwisha. Ya sita iko njiani. Ukinunua ya tano leo, ya sita ikitoka utalia.

— Itatoka lini?

— Karibu.

— Karibu lini?

— Puda, hizi vitu za teknolojia haina tarehe. Inatoka tu.

Avoka akakohoa kwanza, maana hasemi bila kukohoa.

— Twende kwa utaratibu. Mnunuzi ana haki ya kupata kitu cha kisasa. Akichukua cha zamani kwa hiari yake, amejinyima haki mwenyewe, na hawezi kumshitaki mtu. Kisheria, asubiri.

— Kisheria kabisa? nikamuuliza.

— Kabisa.

Voltaji hakupenda neno la mwisho liwe la mwingine. Akavuta kreti, akasogea karibu.

— Ya sita haina waya hata moja. Haina sahani za kuingiza. Na ile kitu ya kushika mkononi haitakuwa. Itakuwa inasoma macho. Wewe unaangalia goli, mpira unaenda.

— Hakuna cha kushika? Puda akauliza.

— Hakuna. Mikono inapumzika.

— Lakini mimi nataka ya kushika.

— Utazoea, Voltaji akamwambia.

Sauti ya Puda ilishuka aliposema anataka ya kushika, nakumbuka. Nilidhani ni mshangao wa mtu wa kahawa akisikia mambo makubwa. Tukaendelea.

— Itakuwa inatangaza mpira kwa Kinyarwanda, akasema Voltaji. Ukifungwa, inakupa pole kwa jina lako.

— Jina italipata wapi? nikauliza.

— Itaandikishwa kwa kitambulisho, akajibu Avoka, kama laini ya simu. Naona kabisa wanavyopanga. Nyumba moja, mashine moja. Atakayekuwa amenunua ya nne atahesabiwa tayari anayo, na ya sita hatapewa. Kwa hiyo kununua sasa kuna hatari ya kisheria.

Mimi sikuwa na la kusema. Sijawahi kushika mashine ile. Nimepita tu mbele ya kumbi za gemu nikisikia makelele. Lakini kwenye ubao ule, mtu akinyamaza sana wanaanza kumruka wakati wa kuongea, wanazungumza juu ya kichwa chake kama hayupo. Nilikuwa nimenyamaza tangu Jumatatu. Nikasema:

— Jana nilimbeba mtu kutoka uwanja wa ndege. Anafanya kazi kwa mizigo. Ameniambia ya sita zimeshafika. Ziko ndani ya maboksi, zinangoja kibali tu. Mwezi ujao ziko madukani.

Mtu huyo hakuwepo. Jana yake abiria wangu wa mbali alikuwa mama mmoja wa Masaka na kuku wake wawili, na uwanja wa ndege sikuuona hata kwa mbali. Maneno yalitoka yenyewe, yakiwa yamekamilika, na yule mtu wa mizigo nilikuwa namwona mpaka rangi ya koti.

Voltaji alinigeukia kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa. Avoka akasema, "Huo ni ushahidi." Puda akanitazama usoni.

— Umesikia mwenyewe, Kasike?

— Kwa masikio yangu.

— Kama ni mwezi mmoja, nitangoja. Mwezi si mrefu.

Akatoa simu kwenye kitenge, akampigia yule wa Gitega hapohapo, akamwambia kwa Kirundi kwamba mashine amuuzie mtu mwingine. Akashukuru. Akatuongezea kahawa bila kuombwa, mimi wa kwanza.

Mwezi wa tatu aliniuliza. Nikasema kibali kimechelewa. Mwezi wa nne akaniuliza tena, mvua ikinyesha, tukiwa tumebanana chini ya bati la Voltaji. Nikasema wakubwa wa mizigo wamebadilishwa, tusubiri wapya wazoee. Hilo la wakubwa nililiongeza bila hata kulipanga. Mwezi wa tano hakuuliza, nami nikashukuru, nikadhani hamu imemwisha. Sisi tuliendelea. Tulikuwa tumeipenda ile habari. Siku ambayo hakuna mpira wala ajali, Voltaji alikuwa anasema tu "Ya sita," na asubuhi ilikuwa inajaa.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba tulirudi kutoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi, kila mtu na koleo lake na tope kwenye viatu. Tulikuwa na mgeni. Mukunde alikuwa amepanga chumba kando ya duka la Voltaji afungue saluni. Ni mama wa makamo aliyekulia Bukoba, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka sisi wengine tulikuwa tunaona haya kidogo kufungua midomo. Alikalia kreti, akapokea kikombe kutoka kwa Puda kwa mikono miwili.

Voltaji akaona afadhali amwonyeshe mgeni kwamba hapa kuna watu wanaojua vitu.

— Nimepata habari mpya, akasema. Ya sita haitauzwa dukani. Itakuja kwa hewa. Unalipa, inaingia ndani ya televisheni yako usiku, asubuhi unaikuta.

— Mashine yenyewe? akauliza Avoka.

— Mashine yenyewe. Ya nje ni ganda tu. Kitu chenyewe iko hewani.

— Hapo kuna tatizo la umiliki, akasema Avoka. Kitu kikiwa hewani, hewa ni ya nani? Ya nchi. Kwa hiyo unaikodi. Na ukihama Kimisagara ukaenda Gitega, unaanza upya, maana hewa ni nyingine.

Nami nikasema mtu wangu wa mizigo alikuwa ameshaniambia hivyo.

Mukunde alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe juu ya goti.

— Samahani, mimi mgeni. Nani anataka kununua hiyo mashine?

— Puda, tukamjibu.

— Anaitaka ya nini?

Avoka akakohoa. Akakohoa tena. Voltaji akasema, "Ya kucheza," halafu akanigeukia mimi: "Si ndiyo?"

— Ana watoto? Mukunde akauliza.

Voltaji alisema nadhani anao. Avoka alisema nadhani hana. Mimi nimekunywa kahawa ya yule mwanamke miaka minne, najua hatua zake kwenye ngazi kabla sijamwona, na sikujua. Na Puda mwenyewe alikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwetu, anasuuza vikombe kwenye ndoo.

Mukunde akageuka.

— Dada, ulikuwa unaitaka ya nini?

Puda alikausha mikono kwanza.

— Nina mdogo wangu, Niyongabo. Ni seremala. Tunakaa wote hapo juu. Mwezi wa kumi na moja msumeno ulimkata mkono wa kulia. Hospitali walimshona vizuri, sina neno nao. Mwezi wa kwanza wakamtoa lile gamba la plasta, wakampeleka kwa dada wa mazoezi ya viungo. Yule dada akampa mpira mdogo wa kuminya. Akaniambia miezi hii ya kwanza ndiyo yenyewe, vidole vitembee kila siku, vikilala vitakauka. Niyongabo akauminya siku tatu, akautupa nyuma ya kitanda. Anasema akiuona anauona msumeno.

Hakuna aliyekunywa.

— Yule dada akaniuliza, anapenda nini? Nikamwambia gemu ya mpira. Kabla ya hiyo ajali, Jumapili alikuwa anakwenda kwenye ukumbi, walikuwa wanamwogopa. Dada akasema vizuri sana, zile batani za juu zinabonyezwa na kidole cha shahada na cha kati, na ndivyo hivyo vilivyokatwa mishipa. Acheze kila siku, hata hatajua kama anafanya mazoezi. Lakini ukumbini hataki kwenda. Anaona haya watu wamwone na mkono ule, akifungwa na watu aliokuwa anawafunga. Ndiyo nikasema ninunue, achezee nyumbani.

— Na simu? Mukunde akauliza kwa sauti ndogo.

— Simu inatumia gumba. Gumba lake ni zima.

Aliinua mkono wake mwenyewe, akakunja vidole viwili nusu, akaviacha hapo, ili tuone.

— Viko hivi. Wiki iliyopita dada wa mazoezi alivipima. Amesema sasa vitabaki hivi hivi. Labda kupasuliwa tena, na hana hakika. Bosi wa Niyongabo amemrudisha karakana, anapiga msasa na kubeba mbao. Patasi haishiki.

Voltaji alikuwa anaangalia chini, kwenye tope la viatu vyake. Alipozungumza, sauti ilikuwa nyingine.

— Puda, iko moja ndani. Ya nne. Mteja aliiacha mwaka jana, hakurudi. Iko mbovu kidogo, lakini naitengeneza. Naileta leo.

— Ilikuwa ndani mwezi wa pili? Mukunde akamuuliza.

Puda ndiye aliyejibu, haraka, kama anayemfunika mtu aliyevuliwa nguo.

— Lete tu, Voltaji. Acheze. Siku kwake zimekuwa ndefu.

Kisha akasema neno ambalo ningependa asingelisema.

— Nyinyi hamna kosa. Kosa ni langu. Ningemuuliza yule dada kama naweza kungoja, angeniambia. Niliona haya kumsumbua tena. Nikawauliza nyinyi, kwa sababu mnaongea kama watu wanaojua. Na Kasike alikuwa na mtu wake wa mizigo, mtu anayeona maboksi kwa macho. Ningefanyaje nisimwamini?

Nilitaka kuvaa kasike, nishushe kioo, niondoke, na kusema kweli mkono ulikuwa umeshaishika. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Ningenyamaza, yangepita, Voltaji angeleta mashine, na mwezi wa nane tungekuwa tunabishana juu ya kitu kingine.

— Puda, nikasema. Hakuna mtu wa mizigo.

— Alihama?

— Hakuwepo. Sikumbeba mtu. Nilitunga.

Alinitazama kama anangoja niendelee, kama bado kuna sehemu ya maneno itakayoyafanya yawe na maana.

— Kwa nini?

Nilitafuta. Nilikuwa na maneno mengi kila asubuhi pale, juu ya makocha, juu ya serikali za mbali, juu ya mashine nisiyowahi kuigusa. Kwa swali lile sikupata hata moja. Ningemwambia nini? Kwamba nilitaka watu wawili wanitazame kwa heshima muda wa kikombe kimoja cha kahawa?

— Sijui, nikasema.

Avoka alifungua mdomo, pengine anitetee, pengine anihukumu. Mukunde akamgusa mkono, naye akaufunga mdomo.

Puda alikusanya vikombe. Vya Voltaji na Avoka vilikuwa vimejaa, wakampa hivyo hivyo, naye akamwaga chini taratibu, kimoja kimoja. Changu kilikuwa kitupu. Kwa mazoea, kwa ujinga tu wa mkono, nilikuwa nimekinyoosha mbele kama ninavyokinyoosha kila siku. Alikichukua, akakitia ndooni pamoja na vingine. Akakaza kifuniko cha themosi.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Akapanda ngazi, ndoo mkono huu, themosi mkono ule. Sote wanne tuliisikia kahawa ikicheza ndani ya themosi, nzito, zaidi ya nusu, ngazi baada ya ngazi, mpaka alipofika juu na kukata kona.