Kahonzi Mangi, Aliyepima Maji Mekundu ya Sabaki

Ndugu waombolezaji, haya nimeyaandika mimi bibi yake mzaa baba, na anayewasomea ni baba yake mdogo, Kambi, ambaye nimemkataza kuongeza neno.

Marehemu Kahonzi Mangi alizaliwa tarehe 14 Machi 1990 hapa Magarini, kifungua mimba wa Mangi Kenga na Damaris Sanga, akasoma shule ya msingi Barani, Malindi, nilikokuwa mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, vitabu vyake vikinuka samaki wa karai langu, na alipohitimu chuo kikuu mwaka 2014 akaajiriwa Kilifi kuchunguza bahari ya karibu na pwani.

Huko aliwakuta wataalamu wa maji, wa matope na wa samaki, kila mmoja na chumba chake na kiburi chake, akawakalisha meza moja, akatuita na sisi wakaanga samaki, maana nilimwambia kwamba mto Sabaki ukifurika, samaki nikiwapasua matumbo yao yana udongo mwekundu, naye hakucheka, aliandika.

Tarehe 10 Desemba 2016 aliolewa na mwalimu Njenga Thuku, mtu wa bara lakini ana heshima, wakajaliwa Thuku na Kabibi.

Juni 2022 walianza kupima maji pale Sabaki inapomwagika baharini, kila wiki, miaka miwili bila kuruka, na Novemba 2023, mto umefurika, akanionyesha uvimbe kwenye titi, akasema, bibi, nikienda hospitali sasa mafuriko haya yatapita bila kupimwa, usimwambie Njenga mpaka Mei iishe na miaka miwili ya vipimo itimie. Nikasema haya. Wanaonong'ona kwamba kachukuliwa na pepo wa baharini wafunge midomo, uvimbe niliuona kwa macho yangu, nikanyamaza miezi saba.

Alilazwa tarehe 3 Juni 2024, ugonjwa umeshasambaa, akafariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, mumewe kamshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Barani mliotutekea maji na kutupikia, na wenzake wa kazini, ila ninyi nina neno nanyi, vipimo hivyo msivifungie kabatini, njooni mtusomee ufuoni tunakonunulia samaki, kwa Kiswahili, nijue nilinyamaza kwa ajili ya nini.

Njenga mkwe wangu, haya nilikwambia jana, ukainuka ukatoka nje, na una haki.

Pumzika kwa amani, mjukuu wangu, siri yako nimeitoa, nimechelewa.